Muulize Shangazi Msafiri: Pitigliano, mji uliokalia jabali

Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la treni za Italia, nikautaja kwa kupitia tu mji wa Pitigliano: mji mdogo kusini mwa Toscana, wenye sinagogi la mwaka 1598 na barabara zilizochongwa mwambani na Waetruski, watu waliotawala sehemu hizi kabla ya Warumi. Nikasema pia inanikera kuona wenzetu wanafika Roma, wanapiga picha mbele ya Colosseum, wanageuza. Basi barua zimemiminika. Za kuuliza kazi ya kulea wazee huku Toscana, kazi ninayoifanya mwenyewe, nitazijibu siku nyingine. Leo ni Pitigliano tu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kanisa. Mwakani tunahiji Roma, tuko watu kumi na wanane, na tuna siku moja ya ziada. Wengine wanasema kama ni habari za Wayahudi, tungoje twende Yerusalemu yenyewe. Unawajibuje? Na huko tunafikaje?
*Katibu wa safari*

Marahaba, mwanangu. Waambie hakuna ushindani. Yerusalemu watakwenda kuitafuta Biblia. Pitigliano wataona maisha ya watu wa kawaida ambao hakuna andiko lililowataja: tanuri walilookea mkate wa Pasaka, birika walilojitosa kwa ajili ya utohara, chumba cha mchinjaji wao, ghala la divai yao, mahali walipotia nguo rangi. Vyote viko chini ya sinagogi, vimechimbwa ndani ya mwamba, na unateremka ngazi kutoka kimoja hadi kingine. Lile tanuri liliwashwa kwa msimu mmoja tu wa mwaka, kabla ya Pasaka, ili mkate usiotiwa chachu usipikwe mahali palipookewa mkate mwingine. Mara ya mwisho ilikuwa 1939. Ukisimama pale ukatazama paa jeusi la moshi, hutahitaji kuhubiriwa.

Tena kwa watu wa kanisa kuna nyongeza. Kilomita zipatazo nane kutoka Pitigliano kuna kijiji cha Sovana, ambako inasemekana ndiko alikozaliwa Hildebrando, yule aliyekuja kuwa Papa Gregori VII, aliyeongoza kanisa kuanzia 1073 hadi 1085. Kijiji chenyewe ni uwanja mmoja na barabara mbili tatu, lakini kina kanisa kuu la zamani lenye nakshi za mawe, na nje yake kuna makaburi ya Waetruski. Mtamaliza vyote kwa siku moja mkiamka mapema.

Treni haifiki Pitigliano. Watu kumi na wanane wakodi basi dogo pamoja na dereva wake hukohuko Roma. Ni kama kilomita 150, na kwa kuwa sehemu ya mwisho ni kona juu ya kona, hesabuni saa mbili na nusu. Mwambieni dereva aje kwa njia ya Manciano, na asimame kwenye kanisa la Madonna delle Grazie kabla hajaingia mjini. Hapo mji wote unauona mbele yako ng'ambo ya bonde, umekalia jabali la majivu ya volkano yaliyoganda, nyumba zina rangi ileile ya jabali, na chini yake matundu ya maghala na mabanda yametoboa mwamba kila mahali. Mkipiga picha hapo mmeshapiga picha nzuri kuliko zote. Ndani ya mji simu zirudi mifukoni.

Na msichague Jumamosi! Sinagogi hufungwa siku ya Sabato na sikukuu za Kiyahudi. Nimeshaona watu waliotoka mbali wamesimama mbele ya mlango uliofungwa, wote wamemgeukia aliyepanga safari. Katibu, asije akawa wewe. Andikeni mapema kuomba nafasi, maana vyumba vile vya chini ni vyembamba na watu kumi na wanane hawaingii kwa mpigo mmoja.

Shangazi, mambo? Nasoma Pisa, sina gari na sina hela. Nitafikaje na nianzie wapi nikifika?
*Mwanafunzi*

Mambo yangu ni mazuri, ila kwetu mkubwa huamkiwa. Tuendelee.

Treni ya Pisa kwenda Roma kwa njia ya pwani inapita Grosseto. Shuka hapo, ukamate basi la mkoa la kwenda Pitigliano. Ni mwendo wa karibu saa mbili, na ukikaa dirishani utaona nyika za Maremma zinavyopanda kidogokidogo hadi milimani. Tiketi nunua kabla ya kupanda, kwenye duka la tumbaku lenye herufi T kubwa mlangoni, kisha uigonge kwenye mashine ndani ya basi. Mkaguzi akikukuta na tiketi ambayo haikugongwa, faini yake itakula chakula chako cha wiki.

Kabla hujaondoka stendi, hakikisha basi la kurudi lipo. Mabasi haya kwanza ni ya wanafunzi wa shule, mtalii baadaye. Shule zikifungwa ratiba inabadilika, na Jumapili mabasi ni haba. Sasa piga hesabu: Jumamosi sinagogi limefungwa, Jumapili usafiri ni wa kubahatisha, Jumatatu makumbusho mengi ya Italia yanapumzika. Nenda kati ya Jumanne na Alhamisi. Ukipata hela ya kulala usiku mmoja, lala. Jioni mabasi ya watalii yakiondoka, wenyeji wanatoka na viti, na huo ndio mji wenyewe. Nyumba ya wageni watakutaka pasipoti, usiiache Pisa.

Kuanzia wapi? Anzia chini. Watu wengi hupanda mjini, wanaona sinagogi, wanakula, halafu miguu ikishachoka ndiyo wanakumbuka kuna makorongo ya Waetruski, wanayatazama kwa juu. Mimi nashauri ushuke asubuhi kabla ya jua kali, utembee kwenye zile barabara za mwambani, ndipo upande mjini na kuingia geto, mtaa waliotengewa Wayahudi. Utakuwa umeshauzoea mwamba ule kwa mikono yako. Ukiingia kwenye ghala la divai la Wayahudi utautambua palepale: ni jiwe lilelile, linalochongeka kwa sululu, na kila aliyefika hapa kwa karne ishirini na tano alijua la kulifanyia.

Heshima yako, Shangazi. Ninafundisha historia sekondari. Nimesoma kwamba Pitigliano huitwa Yerusalemu Ndogo kwa sababu Wayahudi na Wakristo waliishi kama ndugu. Naweza kuwafundisha wanafunzi wangu hivyo?
*Mwalimu*

Mwalimu, wafundishe, lakini usiishie hapo. Jina hilo utalikuta kwenye vibao, kwenye vipeperushi, hata madukani. Ni jina tamu na ukweli umo. Kinachonitia shaka ni jinsi linavyopenda kuruka miaka.

Anza na 1555. Mwaka huo Papa Paulo IV aliamuru Wayahudi waliokuwa katika nchi za utawala wake watengwe kwenye mageto, wavae alama, wasimiliki ardhi. Mwaka 1569 Papa Pius V akaenda mbali zaidi, akawafukuza katika miji yake yote isipokuwa Roma na Ancona. Hao watu waende wapi? Pitigliano ilikuwa mpakani, mikononi mwa ukoo wa Orsini, makabaila waliojitawala wenyewe. Mtu aliyefukuzwa kwa Papa alivuka tu mpaka akawa amepona. Na Orsini walikuwa na faida nao: walihitaji mafundi, wafanyabiashara, wakopeshaji, na waganga. Mmoja wa waganga hao alikuwa David de Pomis, msomi mkubwa ambaye baadaye aliandika kitabu kuwatetea matabibu wa Kiyahudi. Yeye alimtibu mtawala wa mji, Niccolò Orsini, na habari za mji zinasema David alipofiwa na mke wake, Orsini alimpa kipande cha ardhi amzike. Hapo ndipo makaburi ya Wayahudi yalipoanzia, kwenye mteremko nje ya mji, na bado yapo. Mwaka 1598 wakajenga sinagogi. Mpaka hapa jina la Yerusalemu Ndogo linasimama imara.

Kisha mwaka 1608 mji ukaingia mikononi mwa ukoo wa Medici, watawala wa Toscana. Mwaka 1622 wakaamuru geto. Wayahudi waliokuwa wakiishi popote mjini wakakusanywa kwenye vichochoro vilivyozunguka sinagogi, malango yakawa yanafungwa usiku. Si kipindi kidogo hicho, mwalimu. Ni kweli masharti yao yalikuwa mepesi kuliko ya kwingine, na baadaye wakaruhusiwa kumiliki mali. Ila geto ni geto.

Hata hivyo usiwaonee wenyeji. Mwaka 1799, wakati Toscana ilipochafuka kwa ghasia dhidi ya Wafaransa, askari walikuja kupora geto. Wakristo wa Pitigliano waliinuka wakawazuia, na Wayahudi wakawa wanaikumbuka siku hiyo kila mwaka kwa sala. Karne ya 19 Toscana ilipojiunga na Italia mpya wakapata haki sawa na raia wengine. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo wanafunzi wako watalishangaa: uhuru ndio ulioanza kulipunguza geto. Mtu akiruhusiwa kusoma na kuishi popote, kwa nini abaki juu ya jabali? Wakahamia Firenze, Livorno, Roma. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, waliobaki Pitigliano walikuwa wachache.

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatoa sheria za ubaguzi. Watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shule za serikali. Septemba 1943 Wajerumani wakaikalia nchi. Sasa sikiliza mambo mawili yaliyotokea katika mkoa huu mmoja wa Grosseto. Kambi ya kuwafungia Wayahudi ilifunguliwa Roccatederighi, kwenye jengo la seminari ya kanisa, na jengo hilo lilikodishwa kwa mkataba wenye saini. Kutoka pale wengi walipelekwa kambi ya mpito ya Fossoli, kisha kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wakati huohuo, mashambani kuzunguka Pitigliano, wakulima ambao wengine hawakujua kusoma waliwaficha majirani zao, wakawahamisha kutoka shamba hadi shamba. Kuna familia iliyomalizia miezi yake ya kujificha pangoni, chakula kikiletwa na wenye mashamba. Baadhi ya wakulima hao wametambuliwa na taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu kuwa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuokoa Wayahudi.

Mimi ningewafundisha yote mawili siku moja, bila kutafuta wastani wake.

Baada ya vita jamii haikurudi. Sinagogi likakosa watu wa kutosha kusali, na miaka ya 1960 sehemu yake ikaporomoka. Utakaloliona leo lilijengwa upya na kufunguliwa 1995. Wayahudi wanaoishi mjini sasa unaweza kuwahesabu kwa vidole, na chama cha urithi walichokianzisha na marafiki zao ndicho kinachowafungulia wageni mlango.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, tafuta habari za Alberto Manzi. Huyu alikuwa mwalimu wa televisheni. Kati ya 1960 na 1968 alisimama mbele ya kamera na karatasi kubwa na kipande cha mkaa, akawafundisha Waitaliano watu wazima kusoma na kuandika. Uzeeni akawa meya wa Pitigliano, na alifariki hapohapo mwaka 1997. Makumbusho ya wazi ya mambo ya kale chini ya mji, penye makaburi ya Waetruski, yamepewa jina lake. Nani amesema mwalimu hakumbukwi?

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi na mke wangu ni Waislamu, yeye anavaa hijabu. Tunaweza kuingia sinagogi? Na huko Toscana kila kitu si nguruwe?
*Bwana na Bibi*

Waalaykum salaam, wanangu. Mnaingia bila tatizo. Ni mahali pa ibada pamekuwa makumbusho, na wageni wa dini zote hupita. Wanaume hutakiwa kufunika kichwa. Wewe vaa kofia yako ya kiua, inatosha kabisa. Mke wako ameshajisitiri kupita wageni wengi watakaokuwa humo, wengine wamevaa kaptura. Ndani tazameni juu, kwenye roshani walikokaa wanawake nyuma ya kimia cha mbao. Halafu teremkeni kwenye birika la utohara. Nilipokwenda na rafiki yangu wa Lamu alilitazama kidogo, akauliza maji yalitoka wapi na yalibadilishwaje, maswali ambayo watalii wengine hawakuyawaza. Jibu ni kwamba sheria yao inataka maji ya asili, ya mvua au chemchemi, yasiyobebwa kwa ndoo. Wakaongea na mwenye kutuongoza hadi tukachelewa basi.

Chakula. Kweli, Maremma ni nchi ya nguruwe pori, na utamkuta kwenye mchuzi, kwenye soseji, hadi kichwa chake kimetundikwa ukutani dukani. Lakini hamtalala njaa. Agizeni *acquacotta*, supu ya mboga inayomiminwa juu ya mkate mkavu na yai juu yake, chakula cha wachunga ng'ombe. Agizeni *pici all'aglione*, tambi nene za kusokotwa kwa mkono, mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. *Tortelli* za jibini na mchicha nazo ni nzuri. Mwambieni mhudumu *senza maiale*, bila nguruwe, na *senza vino*, bila divai, maana hata mchuzi wa kondoo huku hutiwa divai. Semeni kabla, si baada ya sahani kufika.

Kuna kitamutamu kinaitwa *sfratto*, na hapa nawaonya mapema. Ni kama kijiti kirefu cha unga mwembamba, kimejazwa jozi zilizosagwa, asali, maganda ya chungwa na viungo. Muuzaji huwakatia vipande vya duara, na kila kipande kina ukingo mweupe na moyo mweusi unaonata kisuni. Umbo hilo la kijiti lina habari yake: wenyeji husema maofisa walikuwa wakigonga milango ya Wayahudi kwa fimbo kuwaamuru watoke, wakahamie geto. Baadaye Wayahudi wakaigeuza fimbo kuwa kitu cha kula, na Wakristo nao wakakipika kwa Krismasi. Sasa onyo: unga wa asili hukandwa kwa divai nyeupe. Wapo waokaji wanaobadilisha, lakini ulizeni kwanza. Mkikosa, jozi na asali zinauzwa dukani peke yake.

Shangazi, nataka kumleta mama yangu, ana miaka sabini na kidogo na magoti yanamsumbua. Atawezana na mji huo au nimdanganye na pwani?
*Binti yake*

Mlete. Ndani ya mji barabara kuu ni za mawe lakini si mwinuko mkali. Ataingia lango, atapita chini ya matao ya mfereji wa maji uliojengwa na Medici karne ya 17, ataona ngome ya Orsini, atakaa kwenye uwanja wenye chemchemi na kunywa chai. Sinagogi lenyewe atalifikia, polepole. Vyumba vya chini ndivyo vyenye ngazi, nyembamba na zenye unyevu, na kule makorongoni usimpeleke kabisa: ni mteremko, jiwe limelika katikati, na mvua ikinyesha linateleza kama sabuni. Ukiwa na gari, mpeleke Sovana. Pale sehemu ya njia ya makaburi ni nyepesi, ingawa ngazi za mbao zipo. Kuna pia maji ya moto ya Saturnia si mbali, na magoti yatakushukuru.

Usiingize gari ndani ya mji. Maeneo ya katikati ya miji ya Italia yana kamera zinazosoma namba za gari, na faini hukufuata hadi nyumbani miezi baadaye. Kama wewe ndiye dereva na leseni yako si ya Ulaya, chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujasafiri. Mama naye viza yake ya Schengen itadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Hiyo usimnunulie ya bei poa kupita zote, soma kama inagusa maradhi aliyonayo tayari.

Shangazi, kaka yangu aliyekuwa baharia ameniambia zile barabara za Pitigliano zimechongwa na majini, binadamu hawezi kuchonga vile. Wewe unasemaje?
*Asiyeamini*

Mwambie kaka akaguse. Zile barabara Waitaliano huziita *vie cave*. Nyingine zimeshuka ndani ya mwamba kina cha mita ishirini na zaidi, kuta mbili zimesimama wima, juu unaona utepe wa anga na matawi ya miti. Ndani ni baridi hata Julai. Ukuta una mimea ya unyevu na kuvu, lakini mahali palipokauka utaona mistari ya sululu, imelala mishazari, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja urefu wa mkono wa mtu. Jini hahitaji sululu.

Alama za chini, zile za usawa wa bega, ni mpya kuliko za juu, kwa kuwa njia ilizidi kuzama. Magurudumu na kwato ziliila sakafu, watu wakaisawazisha tena, ikashuka. Katikati utaona mtaro wa maji. Kwa nini walizichonga hivyo, wataalamu bado wanabishana: wapo wanaosema ni barabara za kawaida za kushuka bondeni, wapo wanaosema ni za kupitisha maji, wapo wanaozihusisha na maziko kwa sababu makaburi yamepangana pembeni mwake. Mimi si mtaalamu, ila nimezitembea wakati wa mvua nikaona maji yanavyopita, na sioni kwa nini kitu kimoja kisifanye kazi tatu.

Kaka yako hayuko peke yake, lakini. Wakristo wa zamani nao waliingiwa na hofu humo, wakachonga vijumba vidogo vya sanamu za watakatifu ukutani, na jina lake hadi leo ni *scacciadiavoli*, vifukuza mashetani. Na tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, vijana hubeba mienge ya matete usiku, wakapita kwenye korongo lenye jina lake hadi uwanja wa mji, wakachoma sanamu kubwa ya matete inayosimama badala ya majira ya baridi. Moto ukizima wanawake huchukua majivu kwa baraka. Ukiweza kupata safari ya Machi, nenda, lakini tafuta chumba mapema sana.

Nikiokota kigae cha Waetruski njiani naweza kukichukua kama kumbukumbu? Na ni kweli kwenye makaburi ya Wayahudi huwekwa mawe badala ya maua?
*Mkusanyaji*

La kwanza, hapana. Kitu cha kale kinachopatikana ardhini Italia ni mali ya serikali, hata kiwe kidogo kama kidole, na kukitoa nchini bila ruhusa ni kosa la jinai. Ukikiona, kiache kilivyo, mwambie mtu wa makumbusho.

La pili, ndiyo. Makaburi ya Wayahudi ya Pitigliano hayafunguliwi ovyo. Omba ruhusa pale ulipokatia tiketi ya sinagogi. Ukiingia, okota jiwe dogo la kawaida kando ya njia, liweke juu ya kaburi, usilitoe lililowekwa na mwingine. Usikae juu ya makaburi kupiga picha, hata kama kuna kivuli cha miti na umechoka. Viatu vyenye kisigino viache hotelini.